Fundi Lifti na Mpira Uliosita Ukingoni mwa Shimo

Babu yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1953 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mshonaji wa sare za shule. Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini kazini, mtaani na hata mezani kwake aliitwa Fundi Lifti, na jina hilo aliliitikia upesi kuliko lile la kwenye cheti. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alichelewa kutembea ingawa miguu yake ilikuwa na nguvu, kwa sababu aliogopa kuachia meza. Alisimama ameishikilia, akiitazama sakafu kama mtu anayechungulia kisima. Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini waliomjua kwa karibu walifahamu kwamba woga ule hakuuacha pale mezani. Aliishi nao maisha yake yote, kimyakimya, na nusura umzuie kuishi miezi yake ya mwisho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1960. Alikuwa hodari wa hesabu, na siku ya kutoa zawadi alichaguliwa kughani shairi mbele ya wazazi wote. Alipanda jukwaani, akafungua mdomo. Shairi lote lilimtoka kichwani. Alisimama hapo, macho ya watu yakimchoma, mpaka mwalimu mkuu akamshika bega na kumshusha taratibu. Hakuna aliyemcheka, na kwake hilo lilikuwa baya zaidi. Alipomaliza sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1974 katika fani ya umeme na mitambo, kisha akachagua lifti. Sababu aliitoa mwenyewe baadaye: fundi wa lifti hufanya kazi ndani ya shimo la jengo, ambako hatazamwi na mtu.

Alifanya kazi hiyo kwa kampuni moja tu hadi alipostaafu mwaka 2011. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kukabidhi lifti yoyote, aliwatoa wasaidizi wake wote, akaingia peke yake, akapanda nayo hadi juu na kushuka hadi chini, kiganja kikiwa ukutani na kijasho chembamba kikimtiririka. Mwanafunzi wake mmoja, alipomwona akitoka na jasho usoni, alimwuliza, "Sasa Fundi, kama umeitengeneza mwenyewe, unaogopa nini?"

"Naogopa kwa sababu nimeitengeneza mwenyewe," alijibu. "Ingekuwa ya mwingine ningemlaumu yeye."

Hakuna lifti aliyoikabidhi iliyowahi kuanguka na mtu.

Bibi yetu alikutana naye mwaka 1978. Wakati huo bibi alikuwa mpokea simu katika jengo la bima, na asubuhi moja lifti ilimkwamisha kati ya ghorofa mbili. Alisikia sauti ya mwanamume nyuma ya mlango ikimwambia asihofu, kila kitu kiko sawa.

"Wewe nani?" bibi aliuliza.

"Fundi."

"Mbona sauti yako inatetemeka, Fundi? Aliyekwama ni mimi au wewe?"

Babu aliendelea kuhangaika na mlango. Alipoufungua mlango hatimaye, alimkuta binti huyo ameketi sakafuni, amevua viatu, anakula njugu. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 na kujaliwa watoto watatu. Mpaka leo bibi hushikilia kwamba siku ile ni yeye aliyemwokoa fundi.

Gofu aliianza akiwa na umri wa miaka thelathini na tano. Aliitwa kukarabati lifti ya jengo la klabu, na akiwa juu ya paa akaona watu wanatembea polepole kwenye nyasi, wanasimama, wanapiga, wanatembea tena. Aliwaona wadogo na watulivu. Katibu wa klabu aliporidhika na kazi yake alimruhusu kucheza siku za katikati ya wiki, na mwenzake wa kudumu akawa daktari wa meno, mtu wa maneno mengi ambaye leo yupo nasi hapa na ameniruhusu kuyasema haya.

Kilichomshangaza Fundi Lifti ni kwamba mchezo ule mtulivu ulikuwa umejaa hofu. Mpira wa kwanza hupigwa mbele ya baraza la klabu, watu wameketi na vinywaji vyao, wanatazama. Kila mara alipouweka mpira kwenye kijiti, alirudi kuwa yule mtoto wa jukwaani. Daktari wa meno alimsogelea na kumnong'oneza, "Piga, Fundi. Mpira hauna meno." Akapiga. Mara nyingi ulikwenda kombo, lakini mara mojamoja ulinyooka, na hapo ndipo alipopata ladha ambayo hakuijua popote pengine.

Wawili hao walibishana kwa miaka mingi juu ya dakika tamu kuliko zote katika raundi. Daktari alisema ni pale fimbo inapoupata mpira katikati kabisa, mikono isisikie kitu, mpira ukaondoka kama umejituma wenyewe. Babu alikubali kwamba hilo ni tamu. Lakini alitaja pia kutoka kwenye shimo la mchanga, pale unapopiga ukidhani umezikwa humo, mchanga ukaruka usoni, na ukifumbua macho unaona mpira umelala karibu na bendera ya shimo, mpole kama paka. Alitaja ule msukumo mrefu kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo, mpira unapopinda na mteremko, unachelewa, unafikiri, halafu unatumbukia, na sauti yake ndani ya shimo inakufikia kabla hujaamini. Alisema utamu wa kila kimoja unalingana na hofu iliyoutangulia.

"Kwa hiyo kila Jumatano unaondoka hapa kwenda kujitisha kwa hiari yako?" bibi alimwuliza.

"Huko hofu ina mwisho," alisema. "Napiga, inakwisha."

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa mwaka 2022. Alikuwa akipanda ngazi na kusimama katikati, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Vipimo vilionyesha kwamba mlango mmoja wa moyo wake, vali inayopitisha damu, ulikuwa umekakamaa. Daktari wa moyo hakuzungusha maneno: apasuliwe uwekwe mlango mwingine, na mapema. Babu alitoka akitabasamu. "Miaka yote nimewafungulia watu milango," alimwambia mkewe, "leo wangu ndio umegoma." Bibi alicheka. Walipofika nyumbani alimkuta bafuni, amekaa ukingoni mwa hodhi la kuogea, ameshika bomba bila kulifungua.

Akaanza kukwepa. Kwanza alikuwa na mafua. Kisha alingoja mvua zipungue, kana kwamba chumba cha upasuaji kinavuja. Karatasi ya ridhaa ilikaa juu ya friji bila sahihi. Binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu na hana simile, alimkabili sebuleni.

"Baba, unataka tuje kukuokota barabarani?"

"Nitakwenda, mama."

"Lini?"

"Nikiwa tayari."

Hakuwaambia kilichomtisha, lakini mkewe alikijua. Kisu hakikumsumbua sana. Aliogopa kulazwa usingizi, kufungiwa gizani na watu wasiomjua, na mtu mwingine akiwa ndiye fundi. Bibi naye aliogopa pande zote mbili. Akipasuliwa huenda asiamke. Asipopasuliwa, ataanguka siku yoyote. Usiku alimwekea kiganja kifuani na kusikiliza. Hatimaye alimwendea daktari wa moyo, akarudi na ruhusa: raundi ya mashimo tisa, polepole, asibebe kitu, akichoka akae. "Cheza," alimwambia mumewe, "na mpira wa mwisho ukishaingia, tunakwenda kutia sahihi siku hiyohiyo. Sema ndiyo au hapana." Alisema ndiyo, akitazama pembeni.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Aprili 2023. Daktari wa meno alisukuma mfuko wa fimbo kwenye kigari chake. Bibi, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kiwanja cha gofu, alifuata nyuma na dawa mkobani na kiti cha kukunja mkononi. Barazani hakukuwa na mtu isipokuwa mhudumu akifuta meza. Hata hivyo babu alichelewa kuupiga. Akapiga, na ulikuwa mpira bora kuliko yote ya mwaka ule. Uliondoka bila kelele, ukazidi kwenda wakati walishadhani umeisha. Daktari alivua kofia. Babu alisimama na fimbo begani, akicheka peke yake, na bibi alielewa kwa mara ya kwanza alichokuwa akikifuata huku. Halafu akamwona anavuta pumzi kwa mdomo, midomo imepauka, na furaha yote ikamtoka.

Waliendelea hivyo. Kila alipoinua fimbo, bibi alizuia pumzi. Alipoingia mchangani na kutoka kwa pigo moja, daktari alipiga makofi, lakini bibi alikuwa akiangalia tu kama kifua cha mumewe kinapanda. Kuanzia shimo la saba mambo yalibadilika. Mapigo yakawa mafupi. Babu aliugusa mpira kidogo, akatembea kidogo, akaugusa tena.

"Baba watoto, mbona leo mpira unatambaa?" bibi aliuliza.

"Upepo," alisema. Hakukuwa na upepo. Daktari wa meno alijishughulisha na zipu ya mfuko. Alikuwa ameshatambua kwamba mwenzake hataki raundi ifike mwisho.

Lakini ilifika. Kwenye shimo la tisa babu alisukuma mpira kutoka mbali, ukaja, ukapunguza mwendo na kusita ukingoni kabisa mwa shimo, umbali ambao mtoto angeumaliza kwa kidole. Babu hakuumaliza. Aliuzunguka. Alichuchumaa upande huu kuutazama, akainuka kwa shida, akachuchumaa upande ule. Jasho lilikuwa likimtoka puani. Bibi alivumilia mara mbili. Ya tatu, alipomwona anainama tena na kushika kifua, aliingia kwenye nyasi fupi na viatu vyake vya kutokea, akauokota mpira na kuutia mkobani pamoja na dawa.

"Basi! Umeingia. Twende."

"Shemeji!" daktari wa meno alipiga kelele, kama aliyeona jino zima liking'olewa. "Shemeji, hapana! Hauokotwi!"

"Ulibakiza nini pale? Ulibakiza nini?"

"Ulibakiza kuingia!"

Babu alinyoosha mkono. Bibi alimtazama, machozi yakimlenga, kisha akautoa mpira na kumpa. Aliurudisha pale pale ulipokuwa, akajipanga na kusukuma. Akakosa. Ulipita kando ya shimo na kusimama upande wa pili.

Hilo ndilo jambo aliloliogopa miaka yote: kushindwa kitu chepesi mbele ya macho ya watu. Alibaki ameinama muda mrefu. Alipoinua uso, walikuwepo wote wawili palepale, daktari ameshika bendera ya shimo, mkewe na kiti chake. Akausukuma tena kwa mkono mmoja, ukatumbukia.

"Mke wangu," alisema, "naogopa."

Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtamkia mkewe neno hilo.

"Najua," bibi alisema. "Mimi je? Kiti hiki nimekibeba tangu asubuhi, sijakikalia hata mara moja."

"Nisipoamka?"

"Nitakuwa mlangoni. Safari hii wewe ndiye utakayekuwa ndani, na mimi ndiye nitakayekuwa nje natetemeka."

Walitoka pale moja kwa moja hadi hospitali, yeye akiwa bado na viatu vya gofu, akatia sahihi. Upasuaji ulifanyika tarehe 20 Aprili. Alimwambia kila aliyemkaribia, muuguzi, mtoa usingizi, hata msukuma kitanda, kwamba anaogopa, na kila mmoja alimshika mkono kidogo kabla ya kuendelea na kazi yake. Aliamka. Alipata zaidi ya mwaka na nusu mwingine, akapanda ngazi bila kujifanya anasoma simu, akamwona kitukuu wake wa kwanza. Daktari wa meno alipomwuliza tena ni dakika ipi tamu kuliko zote, alisema ni ile aliyokosa akainua uso na kuwakuta hawajaondoka. Daktari bado hakubaliani naye.

Mwezi Oktoba 2024 moyo ulianza kuchoka tena, na safari hii hapakuwa na cha kurekebisha. Alikaa nyumbani. Siku nyingine hofu ilimjia kwa nguvu, akasema, na aliyekuwa karibu akasogeza kiti. Tulikaa tu, nasi tukiogopa. Alasiri ya tarehe 3 Novemba, mkewe akiwa amemshika mkono huu na binti yake mkubwa mkono ule, aliuliza, "Mpo?" Wakasema wapo. Hakuuliza tena.

Ameacha mke, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, na daktari wa meno ambaye hana wa kubishana naye siku za Jumatano.

Mungu ampokee kwa upole, ampumzishe, na asimwache peke yake.