Mzee Viambatisho na Bahasha za Mwaka Ule

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mkuu wa Kitengo cha Ruzuku kwa Mashirika ya Hiari atakabidhi funguo za chumba namba 17 na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne katika Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara nzima inamjua kwa jina la Mzee Viambatisho. Jina lake la kwenye karatasi ya mshahara hulikumbuka mhasibu peke yake.

Aliingia akiwa karani kijana, wakati kitengo chote ni meza moja na kabati la chuma lisilofungika mpaka ulipige teke. Kazi yake ilikuwa kupitia maombi ya vyama vya hiari ambavyo kazi zao zinavuka mipaka: wanaowasaidia vijana waliokwama ughaibuni, wanaowatafutia wakimbizi ndugu zao, wanaowafundisha wanafunzi maana ya mikataba ya kimataifa. Kila ombi alilisoma ameweka rula chini ya mstari, na akifika mwisho aliuliza swali lile lile: viambatisho viko wapi? Katiba ya chama, muhtasari wa mkutano, orodha ya wanachama. Kikikosekana kimoja, ombi lilirudi, hata kama limeletwa na mkwe wa bosi.

Na karatasi peke yake hazikumtosha. Chama kimoja kiliandika kwamba makao yake yana ukumbi wa mapokezi wenye viti vinne. Mzee alipofika alikuta duka la kinyozi, na mwenyekiti ameshika mashine, mteja amenyolewa upande mmoja. Akapanga foleni kama wengine, akanyolewa, akalipa. Wakati ananyolewa waliingia wazazi watatu, mmoja baada ya mwingine, kuuliza habari za watoto wao walioshikiliwa nchi za mbali, na kinyozi akawa anawajibu bila kuzima mashine. Mzee alirudi ofisini na kichwa kinang'aa na taarifa ya kurasa sita. Chama kilipewa ruzuku. Sisi tulicheka wiki nzima. Yeye alisema tu kwamba viti vilikuwa vinne kweli, amevihesabu.

Ninakikumbuka chumba kile kabla maombi hayajaanza kuja kwa mtandao. Dirisha la namba 17 linatazama gereji ya wizara, kwa hiyo mafaili yetu yote yalinuka oili. Feni ya dari ilikuwa inalia, na saa nne mhudumu akileta chai tuliizima ili tusikilizane. Hapo Mzee aliwapigia simu waliokosa ruzuku, mmoja mmoja, kuwaeleza walipokosea. Alisema kunyimwa si kufukuzwa. Nikisema sizitamani siku zile nitakuwa mwongo.

Alipojua kwamba wasifu huu nitauandika mimi, aliniomba jambo moja: nisiguse habari za bahasha. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Wakongwe mnayakumbuka, maana yalifika hadi kwa Katibu Mkuu. Ni miaka kumi na tisa sasa. Barua arobaini na mbili zilitakiwa kutoka kitengoni siku moja, za kukubaliwa na za kukataliwa, na moja ilikuwa imesahaulika kwenye meza ya kusainiwa. Bahasha zilishaandikwa anwani na kupangwa kwa namba. Kwa hiyo kuanzia namba tisa, kila shirika lilipata barua ya jirani yake. Balozi mstaafu, mwenyekiti wa jumuiya kubwa ya urafiki wa mataifa, alisoma kwamba chama chake hakina uzoefu. Akina mama wakalimani wa kujitolea, waliokuwa wanafanyia kazi kwenye baraza ya nyumba ya mmoja wao, walisoma kwamba wamekubaliwa, wakaanza kutafuta chumba cha kupanga.

Mzee alizunguka siku nne kurudisha kila barua kwa mwenyewe. Kwa wale akina mama alikaa mchana kutwa. Aliichukua barua iliyowapa furaha, kisha akatoa rula yake, wakaanza kuandika ombi jipya pamoja. Mwaka uliofuata walipita kwa haki yao.

Kwenye kikao cha nidhamu aliulizwa nani alizitia barua kwenye bahasha. Alijibu kwamba kitengo ni chake na kosa ni lake. Akapewa onyo la maandishi. Mwezi ule ule jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaopelekwa ubalozini; likakatwa, na kila orodha iliyofuata walifungua jalada, wakaliona onyo, wakapita. Mtu aliyewaombea ruzuku waliovuka bahari zote anastaafu bila kupanda ndege.

Barua zile nilizitia kwenye bahasha mimi. Nilikuwa karani wa masjala niliyepangiwa kitengo chake, nina miezi mitatu kazini, sijathibitishwa, na mama yangu mgonjwa ananitegemea. Nilimfuata Mzee, ambaye mimi humwita Kaka, nikilia, nikamwambia naenda kusema. Akaniambia nikisema nitamwaga unga kesho yake, yeye atapata karatasi tu; niache upuuzi, nirudi masjala. Nikarudi. Leo mimi ndiye mkuu wa masjala hiyo, na cheo hiki nimekikalia kama kiti cha kuazima.

Ijumaa iliyopita nilimwandikia Katibu Mkuu nikaeleza yote. Masjala haichomoi karatasi jaladani, inaongeza tu. Onyo lile litabaki pale lilipo, karatasi ya arobaini na moja. Barua yangu ni ya mia na tatu, imekaa juu kabisa, na imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Lakini kuna mtu asiyesoma majalada ya wizara, mke wa Kaka, naye nimeomba awekewe kiti cha mbele wasifu huu ukisomwa. Wifi, mwaka ule ulikuwa umeshaanza masomo ya lugha ya kigeni kila jioni ukitoka zamu ya ukunga, na masanduku mawili mmeshanunua. Tangu hapo, kila akilalamika kwamba hajaona theluji, unamwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye anacheka nawe. Hakujichoma. Nilimchoma mimi, na hata wewe hakukuambia.

Kaka, asante kwa yote, na unisamehe kwa kutokutii mara hii moja. Sisi sote tunawaombea afya, wajukuu wenye makelele na asubuhi zisizo na foleni. Wifi, mpe pole yake. Imechelewa miaka kumi na tisa.