Jina la Tatu

Hotuba ya Mzee Gershom Munga kwa niaba ya wahitimu wa kozi ya Haki, Wajibu na Utawala wa Dunia, ukumbi wa kanisa, Port Reitz

Mheshimiwa Phineas, mgeni wetu wa heshima, uliyetoka ofisi kubwa ya serikali ukakubali kukalia kiti cha plastiki. Mchungaji, mwenye ukumbi na mwenye funguo zake. Mwalimu Josephine, uliyetufundisha wiki saba bila kumpiga mtu. Wageni waalikwa mliovaa vitambulisho shingoni. Wahitimu wenzangu thelathini na mmoja. Majirani wa hapa na wa Changamwe, na nyinyi wa Likoni mliovuka feri na jua hili. Na mwisho ndugu zangu mliosimama pale mlangoni, ambao hamkualikwa na mtu ila pilau: hamjambo nyote? Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Naona hakuna aliyeitikia. Basi mkubwa ni mimi, na kwa ukubwa huo naomba nisikatizwe.

Mwalimu Josephine aliniandikia hotuba, kurasa mbili, imechapwa ikapendeza, na ndani yake mna "uwajibikaji wa kimataifa" mara sita. Nimeiacha nyumbani juu ya kabati. Usinikunjie uso, Mwalimu. Mimi shule niliiachia darasa la nne, na neno refu namna ile likinitoka kinywani huenda likaondoka na meno mawili niliyobakiwa nayo.

Siku ya kwanza ya kozi, Mwalimu alichora duara ubaoni, ndani akaandika "mtu". Akalizungushia duara la pili, "familia", na la tatu, "nchi", na la mwisho lilikuwa kubwa hata likagusa ukingo wa ubao, akaliita "dunia". Nikainua mkono.

"Mwalimu!"

"Abee, Mzee Munga."

"Mwenyekiti wa hili duara la nje ni nani?"

"Halina mwenyekiti mmoja, Mzee. Kuna mikataba, kuna mabaraza, kuna mashirika ya mataifa."

"Chama cha kina mama cha Nyamvula kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nacho ni cha kununua sufuria. Dunia nzima haina?"

Nyamvula, ambaye wengi wenu mnamjua kwa viazi karai vyake kule Likoni, akanigeukia. "Tukikupa wewe hicho kiti, Mzee Munga, dunia itamalizika kwa chai na maneno."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini Mheshimiwa, swali langu halikuwa la mzaha. Nilikuwa namtafuta huyo mwenyekiti muda mrefu, kwa sababu kuna mtu nilimzika, na mpaka leo sijui msiba ule nimpelekee nani.

Kwa wasionijua, kazi yangu ilikuwa kupokea kamba za meli bandarini. Meli inakuja, wenyewe wanarusha kamba, sisi tunaivuta na kuifunga gatini. Miaka thelathini na mitatu nimepokea kamba za watu wa nchi ambazo hata leo sijui ziko upande gani wa jua. Wala hatukuulizana. Ukirushiwa kamba, unaidaka.

Mwaka juzi meli moja ilitia nanga ndani ya hori letu hapa chini, mbele ya mikoko, ikakaa. Jina lake lilikuwa limepakwa rangi mara tatu. Jua likiipiga ubavuni uliyasoma majina yote matatu, moja chini ya jingine. Bendera yake ilikuwa ya nchi isiyo na bahari. Sitaitaja, asije balozi wake akaja hapa akatupunguzia sambusa, lakini nawaambia, watu wa nchi ile bahari wanaisikia redioni. Mwenye meli alikuwa nchi nyingine, na ofisi yake, tulipokuja kuambiwa, ilikuwa sanduku la posta. Wakala wake alikuwa hapahapa Mombasa, hadi asubuhi moja alipofunga mlango akahama, na pasipoti za mabaharia tisa ndani ya mkoba wake.

Wale tisa wakabaki. Kushuka nchi kavu hawawezi, hawana karatasi. Kuondoka hawawezi, meli haiachwi bila watu. Mchungaji huyu mnayemwona akatafuta boti, tukawa tunawapelekea maji, mchele na vitunguu kila Jumamosi, mimi nikiwemo kwa sababu ya ule ujuzi wangu wa kudaka kamba.

Mpishi wao aliitwa Zaw Min. Mtu wa miaka thelathini na minne, mwembamba, kutoka Myanmar, ile ambayo wazee tuliizoea kwa jina la Burma. Baba yangu alipelekwa huko wakati wa vita vya Wazungu, akarudi ana vidole vinane. Alikuwa akitusimulia juu ya bibi mmoja aliyemlisha wali siku alizokuwa na homa msituni. Nilimweleza Zaw Min habari hiyo kwa mikono na Kiingereza changu cha gatini, naye akasema huyo huenda alikuwa nyanya yake. Uongo mtupu, ila tulicheka sana.

Nikamfundisha kuamkia. Siku ya kwanza akageuza mambo. Kaniona napanda ngazi ya kamba, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Marahaba, Baba!" Ningefanyaje? Nikamjibu, "Shikamoo, mwanangu." Tukaendelea hivyo miezi saba. Biju, fundi wa injini, Mhindi mwenye akili zake, alijaribu kumsahihisha, nami nikamkataza. Katika maisha yangu yote, Mheshimiwa, wakubwa wengi wamenipita bila kuniangalia. Nilipata mtu mmoja wa kunipa marahaba kwa mapenzi, nimsahihishe wa nini?

Kisha akashikwa na tumbo. Ijumaa aliumwa, Jumamosi tulipofika alikuwa amejikunja sakafuni mwa jiko. Tukataka kumteremsha. Watu wa uhamiaji wakatuambia hana kibali, aulizwe wakala. Wakala hayuko. Aulizwe mwenye meli. Sanduku la posta halishiki simu. Iulizwe nchi ya bendera. Huko wakajibu, kwa adabu kabisa, kwamba ofisi itafunguliwa Jumatatu. Na nchi yake mwenyewe? Kwao kuna vita, watu wanapigania kiti cha serikali. Nani angeacha kupigania kiti akashike simu ya mpishi? Mwalimu ametufundisha mikataba inayohusu mabaharia, mizuri, yote imetiwa saini. Siku ile ilikuwa wapi? Jumapili kibali kilipatikana. Tukamteremsha ndani ya shuka, akiwa hajitambui. Akafia njiani kabla hatujafika hospitali, mkono wake ndani ya mkono huu.

Akakaa mochari siku arobaini na moja. Tukaandika barua kote kule tulikopiga simu. Siku ya arobaini, Alhamisi, nikaambiwa kuwa kesho yake watazikwa wasiodaiwa na mtu, wote shimo moja, bila majina. Nikaenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, nipate cheti cha kumzika peke yake. Aliyekaa dirishani ni dada mmoja muungwana, Janice.

"Jina la kwanza la marehemu?"

"Zaw."

"La pili?"

"Min."

"La tatu, la baba?"

"Hana."

"Mzee, kila mtu ana baba."

"Baba anaye, mama. Jina la baba ndilo hana. Kwao mtu anazaliwa na jina lake peke yake, halina mkia."

"Kompyuta haikubali, Mzee wangu. Njoo uone mwenyewe, hapa panakuwa pekundu."

Nikazunguka nikaona. Kweli, pekundu. Janice akaondoa mikono yake kwenye mashine, akaniuliza pole pole, "Kwani wewe ni nani wake?"

Mheshimiwa, hilo ndilo swali walilokwepa wote: wakala, mwenye meli, wenye bendera. Mimi nikalijibu. Nikasema, "Ni baba yake."

Akanitazama. Akatazama picha ya Zaw Min. Mimi ni Mrabai mweusi wa mbegu, Zaw Min ni vile alivyokuwa. "Na mama yake?" akauliza, na hapo nikashukuru kwa mara ya kwanza kuwa mke wangu ametangulia, maana jioni ile nisingepewa chakula. Nikamwambia mama yuko mbali. Nikaapa, nikatia saini. Janice hana kosa, na mtu asimguse. Aliandika alichoambiwa na mtu mzima mwenye mvi. Jina la tatu likawa Munga, na pale pekundu pakawa kijani.

Tukamzika Ijumaa, kaburi la peke yake. Msalaba sikumwekea, kwa kuwa hakuwa Mkristo. Niliweka ubao wa mvule, nikachonga mwenyewe: Zaw Min Munga. Wale wanane walikuja kurudishwa kwao mmoja mmoja, nami nikatembea kifua mbele hapa Port Reitz, nikijiona nimeishinda dunia isiyo na mwenyekiti. Mtu mmoja, darasa la nne, amefanya kilichoyashinda mataifa. Mnajua raha ya kujiona mwema? Ni tamu kuliko tende.

Miezi mitano ikapita, Biju akanitumia ujumbe. Mji wa mama yake Zaw Min, simu hukatwa kwa ajili ya vita. Picha ya cheti na picha ya ule ubao, alizomtumia yeye, ndiyo kwanza zimemfikia. Ameshaandikiwa kwamba mwanawe amefariki. Amejibu kwa sauti, na baharia mmoja wa kwao akafasiri. Nitasema kama nilivyosomewa, sitaongeza.

Mama yule alisema: "Huyu si mwanangu. Kwetu kina Zaw Min ni wengi, na huyu ni mtoto wa Bwana Munga, karatasi ya serikali haiwezi kukosea jina la baba wa mtu. Mpeni Bwana Munga pole yangu, mwambieni najua uchungu wa mtoto. Na kwa kuwa yuko karibu na bahari, akimwona Zaw Min wangu, amwambie apige simu nyumbani. Mlango siufungi."

Biju alimwandikia tena kuwa ni yeye, ni Zaw Min wake. Hakubali. Karatasi inamkatalia.

Ndugu zangu, mtu huyu alinyimwa daktari, akanyimwa nchi kavu, akanyimwa pasipoti yake mwenyewe, na wote waliomnyima ni wakubwa na wako mbali. Kilichobaki kilikuwa mama yake ajue kuwa amekufa, amlilie, amfanyie ibada za kwao. Hicho nimemnyima mimi, mwema wenu, kwa kalamu ya kuazima. Nilidhani nampa jina. Kumbe nimemtoa mwana kwa mamake nikamfanya wangu, na yule mama anakaa mlango wazi kwa sababu yangu.

Mbona sikwenda kusahihisha siku ileile? Niliogopa. Niliulizia, nikaambiwa ni lazima nikiri kwa kiapo kuwa nilidanganya, kisha iwepo barua ya mkubwa wa serikali, na kwamba kudanganya kwa kiapo ni kosa la kufungwa. Nikarudi nyumbani nikanyamaza miezi minne. Hiyo kozi sikuifuata kwa kupenda elimu, Mwalimu, samahani. Niliifuata nikitumai utatufundisha mlango wa uani. Wiki ya tano ukasema kila haki ya mtu ni wajibu wa mtu mwingine. Nikakuuliza, "Na huyo mwenye wajibu akiogopa?" Ukafuta ubao kwanza. Kisha ukasema, "Basi mwenye haki anangoja, Mzee." Hukujua ulikuwa unamtaja nani. Nilitoka nje nikasema nina kikohozi.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Phineas, najua hukuja kwa hili, ulikuja kugawa vyeti na kupigwa picha. Bahasha hii ina kiapo changu, nimekiapa Jumatatu mbele ya wakili: kwamba mimi Gershom Munga si baba wa Zaw Min, kwamba nilisema uongo, na kwamba marehemu alikuwa na majina mawili kamili, hakupungukiwa na kitu. Kinachohitajika kwako ni barua. Kama pana pingu zinazoandamana na barua hiyo, sitabisha, ila naomba nile kwanza, maana Nyamvula ndiye aliyepika. Nakukabidhi mbele ya watu hawa ili isije ikawekwa chini ya bahasha nyingine. Naona umenyoosha mkono. Ahsante, Mheshimiwa. Nyinyi wenye simu, pigeni picha hii, hii ndiyo ya leo.

Na cheti changu, Mwalimu, chenye jina langu kwa wino wa dhahabu, nakirudisha mezani. Ni kizuri, mjukuu wangu ameshakitafutia fremu. Utaniwekea. Nitakuja kukichukua siku kile cha Zaw Min kitakapotoka bila mimi ndani yake. Ubao wa kaburi nitauranda kesho asubuhi, huo hauhitaji barua ya mtu.

Nawashukuru walimu, nawashukuru wenzangu mliovumilia maswali yangu, namshukuru Mchungaji kwa boti na ukumbi. Nawashukuru hata nyinyi wa mlangoni. Naona mmevua kofia, na pilau imepoa mkiniangalia.

Simu yangu ina ujumbe ambao nimejaribu kuurekodi mara kumi na moja nikashindwa. Nikipata karatasi ile nitaumaliza. Nataka kumwambia yule mama kwamba nilimwona Zaw Min wake, kwamba alikuwa ananipa marahaba, na kwamba hatapiga simu. Na ile pole aliyonitumia ilinifikia, ila haikuwa yangu. Nataka nimrudishie mwenyewe.

Mmenisikiza mpaka mwisho. Ahsanteni.