Marehemu Kou Weiting, Aliyesita Mbele ya Dirisha la Tambi (1946–2025)

Kila asubuhi marehemu Kou Weiting alifika kwenye dirisha la mkahawa wa Mzee Min, akaweka mikono nyuma, akasita. Hapa Lanzhou kila mtu anajua tambi zake tangu utotoni. Huyu anakula nyembamba, yule pana kama mkanda, mwingine bapa kama jani la kitunguu, na wote hulitamka bakuli lao kabla hata ya salamu. Marehemu hakuwa na lake. Alitazama mvuke, akatazama unga unavyovutwa, akajiuliza leo anataka nini. Foleni iliguna.

"Mwalimu Kou, amua basi! Supu inazeeka."

"Mwacheni, yuko kwenye mtihani."

"Mtihani gani? Unga si uleule?"

Naye alijibu bila kugeuka, "Nimeulizwa mimi. Ngojeni nijibu."

Nimepewa wasifu huu niusome kwa sababu nimeishi nyumbani kwake kwa miaka hii minne. Mimi ni mjukuu wa kaka yake. Mwenye haki ya kusoma ni Shangazi Anran, binti yake, lakini tangu Jumanne sauti yake haitoki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika kijiji cha milimani kusini mwa mji huu, mtoto wa tatu wa Mzee Kou Shengcai, mkulima wa yungiyungi la mlimani, lile ambalo tunguu lake huliwa. Tunguu la yungiyungi likipandwa, huvunwa baada ya miaka sita, na mtoto wa nyumba hiyo hujifunza kungoja kabla hajajifunza kusoma. Ndugu zake walisema alikuwa akifukua tunguu moja moja kuangalia limefikia wapi, kisha akilifukia, na alipigwa kwa hilo. Alitaka kujua kwa nini upande wa kivuli wa mlima hutoa tunguu tamu kuliko upande wa jua. Baba yake alimwambia, "Ndivyo yalivyo." Hakuridhika.

Alianza shule mwaka 1952, kijijini, akaendelea wilayani, na mwaka 1964 akafanya mtihani wa kuingia chuo. Kwenye nafasi ya kwanza aliandika kwamba anataka kusoma mimea. Majibu yalipokuja, alikuwa amepangiwa mashine za mafuta. Kijiji kilipiga fataki. Mtoto wa Kou kapata chuo! Chuo cha nini, hakuna aliyeuliza, na yeye mwenyewe hakuuliza. Zamani zile mtu alipangiwa kama mbegu inavyopangiwa shimo.

Mwaka 1970 alipelekwa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta magharibi mwa mji, kitengo cha pampu. Kiingereza alijifunza humo, peke yake, kutoka kwenye vitabu vya maelekezo vilivyokuja na mashine. Mwenyewe alikuwa akicheka kwamba siku alipokanyaga Marekani aliweza kumwonya mtu asifungue vali ikiwa moto, lakini hakuweza kuomba chai.

Tarehe 1 Mei 1978 alimwoa Bibi Pu Xiuyun, fundi wa cherehani, mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Bibi husema alimkubali kwa sababu ndiye mwanamume pekee aliyemwuliza anapenda kitambaa cha rangi gani, kisha akasubiri jibu.

Mwaka 1981 kiwanda kilimpeleka Marekani kwa miaka miwili, katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio. Wiki ya kwanza aliitwa na profesa mzee aliyekuwa mlezi wake wa masomo.

"Bwana Kou, muhula huu unataka kujifunza nini?"

Marehemu akafungua daftari, akangoja aambiwe. Profesa akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa.

"Nitajifunza nitakachopangiwa," marehemu akasema.

"Hapa hakuna wa kukupangia. Nenda kafikiri. Urudi Jumatano."

Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na hilo swali hakuwa amewahi kuulizwa. Alisema alizunguka bustani za chuo akiwa na hofu kama mtu aliyepoteza pochi. Jumatano alirudi akasema pampu, maana pampu ndizo zilizomleta. Halafu akaongeza, taratibu, kwamba kama hakuna ubaya angependa pia kukaa nyuma ya darasa la mimea. Profesa akaandika vyote viwili, wala hakushangaa. Kutoshangaa kwake ndiko kulikomshangaza marehemu maisha yake yote.

Darasani humo alikaa kimya kwa heshima, kama alivyofunzwa. Mwisho wa muhula alikuta amepunguziwa alama kwa kutosema. Wanafunzi walikuwa wakimbishia mwalimu, na mwalimu akifurahi! Muhula uliofuata alijilazimisha kusema neno moja kila kipindi. Mara ya kwanza alisimama wima akasema, "Sikubali," akaketi. Darasa likamsubiri aeleze hakubali nini. Hakuwa amefikiria mpaka huko.

Alirudi mwaka 1983, akafundisha kwenye chuo cha ufundi hapa mjini hadi alipostaafu mwaka 2006. Shangazi Anran alizaliwa tarehe 2 Desemba 1984, mtoto wao pekee.

Wengi waliokuja leo walimjua kwenye meza yake ya chai kando ya Mto Manjano, siku za Jumapili. Wazazi waliotaka kupeleka watoto Marekani walimfuata hapo, wengine kutoka wilaya za mbali, mtoto akivutwa mkono. Hakuchukua chochote ila chai. Nami nilikuwa nikimimina maji ya moto, nikisikiliza.

Swali la kwanza lilikuwa lilelile. "Mwalimu, hiki chuo ni cha ngapi?"

"Cha ngapi kwa nani?"

"Kwa wote!"

"Mzee Min wa tambi ni wa ngapi hapa mjini?"

"Wa kwanza, hana mpinzani."

"Na mkeo anasemaje?"

"Ah, huyo anapenda yule wa karibu na daraja."

"Basi umeshaanza kuelewa."

Baba mmoja alikuja amekasirika. "Eti wanataka kijana aandike habari za siku aliyoshindwa. Huyu hajashindwa! Tangu darasa la kwanza hajashindwa!"

"Baba, ile baiskeli..." kijana akaanza.

"Nyamaza wewe! Mwalimu, nimepata mtu mjini wa kumwandikia."

Marehemu akamjazia kikombe. "Na darasani atakwenda kukaa nani? Huyo mtu wa mjini? Sikiliza, ndugu yangu. Kwetu mtihani ndiye hakimu. Akishasema, kesi imekwisha. Kule mtihani ni shahidi mmoja tu. Wanawaita na walimu wake, kisha mtoto mwenyewe anasimama kizimbani aseme yeye ni nani. Shahidi wa kukodi wanamtambua. Mwache aseme habari ya baiskeli."

Mwingine aliuliza vipi mtoto aingie chuoni bila kuamua atasomea nini, si ni kama kupanda treni bila kujua kituo? Akajibu kwamba hapa unga ni mmoja nasi tunachagua upana. Kule mtoto anachagua hata unga, na mwaka wa kwanza wanamlazimisha aonje na asivyovipenda. "Anaweza kukosea," yule akasema. "Anaweza," marehemu akasema. "Na akikosea anabadili. Mimi sikukosea, maana sikuchagua. Unaona lipi ni bora?"

Lakini lile alilolijua zaidi hakulisimulia mezani. Amelisimulia Bibi.

Novemba 2002 Shangazi Anran alikuwa ameomba nafasi katika chuo kidogo cha kaskazini mashariki mwa Marekani, na bila ufadhili wao asingekwenda popote. Majirani walicheka, "Wanafunzi elfu moja na ushei? Hata shule ya msingi ya mtaa ina watoto wengi kuliko hao." Chuo kikamtuma mama mmoja Mmarekani, Bi. Haskell, aliyekuwa akizunguka nchini akiwahoji waombaji, naye akaomba kuwaona wazazi nyumbani kwao. Bibi aliosha sakafu mara mbili, akapika yungiyungi kwa sukari, akaweka tikiti na karanga mpaka meza ikakosa nafasi ya kikombe. Marehemu alikuwa mkalimani.

Mgeni akamgeukia Bibi. "Mama, niambie juu ya binti yako."

Nani kwetu humsifu mwanawe mbele ya mgeni? Bibi akafanya kama mama yeyote mwenye adabu angefanya. Akacheka, akapunga mkono. "Huyu? Hana lolote huyu! Mvivu, bakuli haoshi. Mkaidi! Kila kitu kwa nini, kwa nini, mpaka kichwa kinauma. Sijui nani atamtaka."

Shangazi aliinamisha kichwa. Kwake hayo yalikuwa maneno ya kila siku. Kusifiwa ndani ya nyumba ile hakuwahi. Alijua pia kwamba nafasi yake imo katika kalamu ya yule mama. Marehemu alifunua kikombe chake, akakifunika. Akafunua tena. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, na mgeni akaacha kuandika, akamtazama tu.

"Mbona maneno yangu mafupi umeyafanya marefu?" Bibi akamnong'oneza.

"Kiingereza kina maneno mengi," akasema.

Shangazi alisimama akasema anakwenda kuchukua maji ya moto. Chupa ilikuwa imejaa, ipo mbele yake.

Bibi hakujua kilichosemwa mpaka Agosti 2003, kwenye stesheni ya treni, binti anaondoka kwa ufadhili kamili. Alimshika mkono. "Siku ile, baba yako alisema nini hasa?"

"Alisema: mke wangu anasema binti yetu akianza jambo haachi mpaka ajue sababu yake. Anasema nyumba itakuwa kimya sana siku atakapoondoka. Anasema hajui amsifu vipi, maana anaogopa atalia mbele ya mgeni. Na mimi baba yake nasema hivyohivyo."

"Sikusema hivyo," Bibi akasema. Treni ikapiga honi. "Lakini hakukosea hata neno."

Mwaka wa pili huko, Shangazi aliacha uchumi akahamia masomo ya miamba. Akapiga simu. Bibi akapiga kelele mpaka jirani akasikia, "Mawe! Sisi hapa tumezungukwa na mawe, wewe umevuka bahari kutafuta mawe?" Marehemu alichukua simu, akauliza kitu kimoja. "Ni wewe uliyechagua?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi."

Lakini yale maneno ya siku ya mgeni hakuyarudia kamwe kwa lugha yetu. Shangazi alikuwa akimchokoza kwenye simu. Nimesikia mara nyingi. "Baba, nitafsirie tena." Naye: "Huko mvua inanyesha? Umekula?" Shangazi alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kinaisha mapema.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuugua moyo. Alilazwa mara mbili. Daktari alimpunguzia chumvi, akamwamuru apumzike kila baada ya ngazi chache, na akamkataza kabisa kutembea kwa haraka. Alitii. Alikuwa akisema, "Mimi ni mtoto wa yungiyungi, haraka ya nini?" Meza ya chai hakuiacha. Jumapili ya tarehe 13 Aprili mwaka huu alikuwa hapo, akimsikiliza msichana mmoja kutoka wilayani aliyekuwa hajui anataka kusoma nini. Alimwambia aende akafikiri, arudi Jumatano. Kama msichana huyo yumo humu, aje kwangu. Nitamwambia niliyoyasikia, japo ni machache.

Jumatatu Shangazi Anran alifika kutoka Marekani baada ya miaka minne. Marehemu aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025, njiani, kati ya mkahawa na ngazi za nyumba yake.

Ameacha mjane, Bibi Pu Xiuyun. Binti, Kou Anran, na mume wake. Mjukuu mmoja wa kiume, anayeuliza kwa nini mpaka kichwa kinauma. Dada yake kijijini. Sisi wajukuu wa nduguye. Na wanafunzi ambao hata yeye hakuwajua idadi. Udongo wa mlima huu umpokee upande wa kivuli, ule mtamu, na alale asiharakishwe na mtu.

La mwisho nimelipata kwa Mzee Min, ambaye leo amefunga mkahawa akaja.

Jumatatu jioni Shangazi alisema kitu alichokikumbuka zaidi ni tambi nyembamba za Mzee Min. Asubuhi alikuwa bado amelala, mwili wake ukihesabu usiku wa kule. Marehemu hakumwamsha mtu. Alifika dirishani, na safari hii hakusita.

"Nyembamba, bakuli moja. La kubeba."

Foleni nzima ikageuka. Yeye ndiye aliyekuwa akisema tambi za kubeba ni uji.

"Mwalimu Kou, leo mtihani umekuwa mwepesi?"

"Si langu. Ni la binti yangu, amekuja." Kisha akageuka akawatazama watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti, "Binti yangu ni mtu hodari. Tangu mdogo. Hodari kuliko mimi."

Mzee Min anasema hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mwanamke mmoja alikohoa. Mzee Min akamimina supu, akafunga kifuniko, akamkabidhi.

"Ukamwambie mwenyewe, Mwalimu. Ila tambi hazisubiri, zitavimba."

"Nitakwenda mbio," marehemu akasema. Akakikumbatia kile chombo kwa mikono miwili, akasukuma pazia la plastiki kwa bega, akatoka.