Hyasinta Masatu, Fundi Aliyeinyamazisha Feni

Mama Hyasinta Masatu anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bunda. Anayedhani ataondoka kimyakimya hamjui.

Alizaliwa Kisorya kwenye familia ya wavuvi, akaja kwetu kama kibarua wa msimu wa kufunga marobota. Baadaye alikwenda Musoma kusomea umeme, akarudi na cheti na sauti yake ileile kubwa. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye kwaya ya parokia jirani, anakoimba sauti ya kwanza mpaka leo. Kila akitoka likizo hutuletea furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na ole wako uchelewe kufika karakana.

Wote tunaikumbuka feni kubwa ya kunyonya pamba. Mlio mwembamba huzuiwa na ukuta, lakini mvumo ule mzito ulipenya hadi vyumbani mwa watu. Mwaka 2021 majirani walilalamika, wanakwaya wenzake wakiwa mstari wa mbele, na uongozi ukatamka kwamba kelele zisipopungua, zamu ya usiku inafutwa. Mama Hyasinta akabaki katikati. Vibarua wa zamu ile aliwafundisha kazi yeye mwenyewe, na waliokosa usingizi walikuwa marafiki zake. Msimu ule alikonda, tulimwona.

Ndipo akaingia kwenye timu ya mhandisi Lilian Mwandu ya kufunga mtambo wa kupunguza kelele. Maikrofoni huisikiliza feni, kompyuta huupima mvumo, kisha spika zilizofungwa nje hutoa mvumo wa kinyume chake. Mawimbi hayo yakikutana, yanafutana. Siku ya kwanza Mama Hyasinta alichanganya nyaya za spika. Mivumo ikajumlishana badala ya kufutana, na ng'ombe wa jirani yetu mzee Machibya waliokuwa wakienda lamboni kunywa maji wakatimua mbio kila mmoja na njia yake. Aliwasaka mwenyewe, na ovaroli yake mwilini, huku sisi tumekaa chini kwa kicheko. Jioni alirekebisha nyaya, tukawasikia kuku wa majirani kwa mara ya kwanza. Zamu ya usiku ikabaki.

Jumapili iliyofuata kwaya iliharibika. Kumbe misimu yote ya pamba mwalimu wa kwaya, Bwana Werema, alikuwa akichukua noti ya kuanzia kwenye feni bila mwenyewe kujua. Nje ya msimu waliyumba, nasi tukidhani ni uchovu wa kulima. Baada ya misa, wanakwaya walewale waliolalamika walimzingira Mama Hyasinta mlangoni.

"Sasa Hyasinta, ile noti yetu umeipelekaga wapi?" akauliza Werema.

Kumbe Mama Hyasinta alikuwa ameibeba kichwani. Tangu siku hiyo, kabla ya kila wimbo, Mama Hyasinta huvuma kwanza kama feni, na kwaya inaanza pamoja.

Sasa anahamia Buswahili, kwenye shamba la pamba la mumewe, mzee Clementi. Mama, asante kwa kazi, kwa furu na kwa usingizi wa majirani. Pamba yako izae, na mwili wako upumzike vizuri.

Jumatatu kwaya itakuimbia hapa uani. Mhandisi Lilian amekubali kuzizima spika kidogo. Noti itatolewa na feni yenyewe; wewe kaa tu, uimbiwe.