Alhamisi ya Mama Anastasie Haifungwi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, tarehe 30 Juni Mama Anastasie, muuguzi mkunga wa kituo chetu, atavua blauzi nyeupe na kwenda kupumzika. Tangu habari itoke, wamama wa Kasongo hawaniulizi atakaa wapi wala atafanya nini. Wananiuliza jambo moja tu: na Alhamisi, itakufa?

Alianzia Lusangi. Halafu alikwenda Salamabila, wakati dhahabu ilikuwa inavuta kila mtu, na huko alizalisha mama mmoja kando ya barabara, dereva wa pikipiki akiwa amegeuza uso na kuomba Mungu kwa sauti. Mtoto alipewa jina la dereva. Mpaka leo Mama Anastasie analalamika.

Alipofika Kasongo, miaka kumi na minne iliyopita, aliona kitu ambacho sisi wengine tulikiona tukakipita. Wamama waliokwisha kuacha kuona mwezi walikuwa wanakuja kupimwa tansiyo, yaani presha, wanakutwa wazima, wanarudi tena. Mama Dieudonnée wa upande wa Kabambare alikuja mara tatu. Mara ya tatu Mama Anastasie alivuta rido, lile pazia la chumba cha kupimia, akamuuliza kwa sauti ya chini: « Na kitandani, mama, kuko amani? »

Hakukuwa amani. Tendo la ndoa lilikuwa linamuuma kama kidonda. Jirani alimwambia mwili umelegea, akampa majani ya kukaza na kukausha, maumivu yakazidi. Akahamia kulala na wajukuu. Mume wake, Papa Bulaimu, akafikiri amechukiwa, akaanza kuzungumza na ndugu zake habari ya mke mwingine.

Mama Anastasie alimweleza kwamba mwezi ukikoma homoni zinapungua, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba na kukauka. Siyo uchawi, siyo adhabu, na wala siyo mwisho wa ndoa. Aache majani, aache kujisafisha ndani kwa sabuni. Atumie mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato kila wanapokutana; yasipotosha, iko pomadi ya homoni ya kupaka ndani, kidogo tu, baada ya kupimwa. Na damu ikitoka tena, aje upesi, asingoje. Kisha akamwita Papa Bulaimu mwenyewe, akamfundisha kutokuwa na haraka. Miezi michache baadaye walipita mbele ya kituo juu ya baiskeli moja, mama amekaa nyuma, anacheka kitu alichoambiwa.

Hivyo ndivyo Alhamisi ilivyozaliwa: kila wiki siku hiyo, wamama wenye shida kama yake wanasikilizwa nyuma ya rido. Kwa jina, siku ya tansiyo. Mimi niliyejifunza hesabu nikiuza karanga sokoni, kabla ya kukabidhiwa depo, stoo ya dawa ya kituo, niliwaomba wakubwa wa afya hiyo pomadi miaka sita. Kila mara jibu lilikuwa moja: siyo dawa ya lazima. Lazima kwa nani? Swali hilo sijalisahau.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaja mkaguzi wa afya. Akahesabu: wamama arobaini na mmoja, na thelathini na saba kati yao tansiyo nzuri kabisa. Akasema tunapoteza wakati, Alhamisi ifungwe. Tulikuwa tumejificha vizuri mno.

Mama Anastasie akasimama mkutanoni, mbele ya wanaume wote, akaeleza kazi ya Alhamisi bila kuzungukazunguka. Wengine wakaangalia viatu vyao. Ndipo Papa Grégoire, mlinzi wa lango, ambaye hajawahi kuomba neno mkutanoni, akainua mkono.

« Mama, wa kwangu naye anaweza kuja? »

Mkaguzi akafunga kalamu yake, na neno la kufunga Alhamisi likaishia hapo. Pomadi iliingia depo mwezi wa tano. Niliipanga kwa mikono yangu mwenyewe. Pascaline, muuguzi aliyefundishwa kazi nyuma ya rido ile ile, ndiye anashika nafasi. Kibao cha mlangoni bado kinasema tansiyo, wamama wenyewe waliomba kisiguswe.

Mama Anastasie, asante kwa kuuliza swali ambalo sisi tulilionea haya. Tunakutakia mapumziko yenye afya, na nyumba yenye utulivu kama zile ulizozirudishia amani. Nasi tunaobaki, wamama wakituuliza, tuwajibu hivi: Alhamisi iko, waje mapema. Nafasi ya kwanza imeshachukuliwa na mke wa Papa Grégoire.

Aurélie, depo ya dawa