Huyu Mtoto ni wa Nani?

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, naona wengine mmetoka shifti moja kwa moja. Mchungaji amesema nisirefushe, na nyote mnaujua mdomo wangu, basi mnivumilie.

Mimi ni yaya kwa nyumba moja ya Waarabu huko Muaither, hapa hapa Qatar. Nalea msichana wa miaka mitano na kaka yake mdogo. Kazini navaa mtandio kama wafanyakazi wengi wa nyumba zile, na msalaba wangu unakaa ndani ya nguo. Joto likizidi, familia huenda London, na mimi huenda nao. Zamani nilikuwa naringa, si uongo! Nilikuwa nawatumia nyinyi mliobaki kwenye joto picha za mvua.

Lakini mwaka jana, ndugu zangu, nawaambia, nilikuta London nyingine. Vita viko Gaza, lakini ungedhani vinapiganwa kwenye ngazi za jengo letu. Mzee anayelitunza, Mwingereza mpole, aliniambia haongei tena na dada yake kwa sababu ya vita hivyo, na mbunge wao wa miaka mingi ameangushwa kwa sababu hiyo hiyo. Kila Jumamosi maandamano. Hawa wanawalilia watoto wa Gaza, wale wanakuja na bendera kuwapinga, polisi katikati. Kwenye televisheni wanasiasa wanafokeana, na kwa Kiingereza changu cha kuokota nikaelewa ugomvi umeshafika kwa wageni, nani abaki na nani arudi kwao.

Jumamosi moja nilimpeleka yule msichana kwenye bembea. Tukirudi tukakuta barabara imefungwa, watu wamejaa. Mtoto akaniambia kwa sauti, kwa Kiarabu, kwamba amechoka. Mwanamume mmoja akageuka. Akanijia, akanivuta mtandio mpaka shingo ikauma, akatupigia kelele turudi kwetu, magaidi sisi. Wengine wakacheka, wengine wakaangalia kando.

Jamani, niliogopa! Mkono ukaenda wenyewe kwenye msalaba. Niutoe, niseme mimi ni Mkristo, mimi ni wa Kitale, mmekosea mtu! Kisha nikahisi mtoto ameng'ang'ania sketi yangu. Nikisema mimi si wao, huyu mtoto ni wa nani? Nikauacha msalaba ndani ya nguo. Nikambeba, nikakimbia bila kujua naenda wapi.

Mama mmoja mwenye duka la maua akatufungulia mlango, akaufunga kwa ufunguo. Akaniambia yeye ni Myahudi, na tangu vita vianze sinagogi lao linalindwa kama benki, na mkufu wake wa nyota anauficha ndani ya blauzi. "Siku hizi tunaogopana sote," akasema. Akampa mtoto biskuti. Tulikaa pale mpaka nje kukatulia.

Mtadhani yaliishia huko. Wapi! Hofu nilipanda nayo ndege. Hapa Doha hakuna aliyenigusa, lakini nilishindwa kutoka geti. Mtu wa kuleta vyakula akibonyeza kengele, mimi niko stoo nimejifungia. Madam alivumilia, mwishowe akasema kwa upole kwamba yaya asiyeweza kutoka na watoto, afadhali arudi nyumbani. Woiye! Nililia mpaka macho yakavimba, na bado geti sikutoka.

Halafu siku moja kengele ikalia, nikamkuta yule msichana amemsukuma kaka yake chini ya kitanda, amemziba mdomo. "Usiongee," anamnong'oneza. "Watajua sisi ni Waarabu." Ndani ya nyumba yao, nchi yao! Nikakaa sakafuni. Yule mwanamume alimtisha mara moja. Mimi nilikuwa nikimtisha kila siku.

Ndipo nikawapigia nyinyi akina mama, mkaomba na mimi kwa simu. Na kuna dada mmoja hapa, askari wa jengo huko West Bay, simtaji maana ataninunia. Siku yake ya ofu akaja mpaka Muaither, akasimama nje ya geti letu. "Mimi nalipwa kusimama kwa mageti ya watu," akaniambia. "La kwako nasimama bure. Toka."

Nikasema kesho.

"Kesho niko kazini. Toka, mama."

Nikatoka na yule msichana, mpaka kona tu, tukarudi natokwa jasho. Ofu iliyofuata akaja tena, tukafika dukani. Pale mtoto akapaza sauti, Kiarabu chake chote, anabishana na mwenye duka juu ya aisikrimu. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikajizuia.

Asante dada. Asanteni akina mama, na madam pia, aliyenipa muda. Nililojifunza ni kwamba hofu huwezi kumficha mtoto. Ukiikalia kimya, yeye anaisikia. Mwite mtu mapema, aje asimame nawe.

Siwadanganyi kwamba imeisha. Tiketi za London zimetoka, na kwenye taarifa ya habari naona kule bado wanafokeana. Juzi msichana aliniuliza kama tukifika itabidi anyamaze tena. Nikamwambia ataongea vile anataka, na mimi nitamshika mkono. Sasa mniombee, ndugu zangu, maana nimeshaahidi.