Nesi Lagiola na Fungu la Dawa

Ijumaa tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne kazini, Nesi Lagiola Tefoto anakabidhi funguo za zahanati ya kisiwa chetu. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa peke yake hapa, na daktari alikuwa sauti ya redio kutoka makao makuu, Funafuti, hali ya hewa ikiruhusu.

Amezalisha nusu ya wanaosoma ukurasa huu. Ameng'oa meno, ameshona vidole vilivyokatwa na panga, na mara moja alimtibu nguruwe wa mchungaji, jambo ambalo mchungaji ameomba tusiliandike.

Lakini kinachomtambulisha ni udadisi. Ukimwambia kichwa kinauma, atataka kujua umelala wapi, umekula nini na nani alipika. Wengine tulimwita mmbeya. Yeye husema kuuliza si ujinga, na baba yangu Uelese ni shahidi.

Miaka kumi na moja iliyopita baba alikanyaga matumbawe, na kidonda kikagoma kupona kwa sababu ya kisukari. Daktari akasema redioni kwamba sukari isiposhuka kabla ya meli ijayo, yaani wiki tano, baba apandishwe melini akakatwe mguu. Baba ni mgema, hupanda minazi asubuhi na jioni. Mgema wa mguu mmoja jamani! Nyumbani tulilia.

Nesi akampa vidonge vya mwezi mzima. Wiki ya pili vilikuwa vimepungua sawasawa, lakini sukari iko palepale. Akapima tena. Akaijaribu mashine kwa damu yake mwenyewe, nayo ilikuwa nzima. Jambo hilo lilimnyima raha.

Siku hiyohiyo jirani yetu Sepola, mama mwenye afya ya kupigiwa mfano, akaanguka akisuka mkeka. Nesi akampima: sukari imeshuka chini kabisa. Akamnywesha tembo tamu lililogemwa asubuhi, na alipofumbua macho akamuuliza amekula nini.

"Si lile fungu langu la dawa ya Uelese!" akajibu Sepola.

"Fungu?"

"Ee! Kapewa pakiti nzima. Ale peke yake, kwani ni mchoyo?"

Kumbe vidonge vya kila siku baba aligawa nyumba kwa nyumba, kama tunavyogawa samaki! Kinachokuja na meli ni cha wote, ndivyo tulivyolelewa. Mimi mwenyewe, msaidizi wa zahanati, nilipeleka mafungu mawili kwa mkono wangu. Aibu hiyo naikiri leo kwa mara ya kwanza.

Nesi hakugomba. Alikwenda ukumbi wa kisiwa, wazee wakiwa wamekaa, akauliza kama asiyejua: samaki mnagawa? Tunagawa. Na mtumbwi je? Wakacheka.

"We Nesi, mtumbwi tukiupasua, kesho tutavulia nini?"

"Basi, wazee wangu, dawa ya Uelese ndiyo mtumbwi wake."

Sepola ndiye aliyelalamika: "Sasa fungu letu sisi liko wapi?"

"Kumwangalia akimeza," Nesi akasema.

Kuanzia kesho yake, kila nyumba ilikuja kwetu kwa zamu asubuhi. "Fungua mdomo, mzee! Inua ulimi tuone!" Baba alinuna siku tatu. Siku ya nne akaanza kuwalaumu waliochelewa. Meli ilipofika, sukari ilikuwa imeshuka na kidonda kimeanza kufunga. Daktari aliyekuja nayo alikata kidole kimoja tu cha mguu, kile kidogo. Mguu upo, na jana ulikuwa juu ya mnazi. Visiwa viwili jirani vimeiga zamu zetu.

Sasa lipo jambo ambalo Nesi angependa tulinyamazie. Mwezi uliopita nilimpima presha yeye mwenyewe, nikaogopa, nikarudia. Mwanamke aliyekumbusha kisiwa kizima kumeza dawa alikuwa akisahau zake kabatini. Habari ilifika ukumbini kabla sijafunga mashine, na naapa si mimi niliyeisema.

Orodha ya zamu imeshaandikwa. Jumatatu, asubuhi yake ya kwanza ya ustaafu, anaanza baba, na amesema atafika kwa miguu yake yote miwili.

Ahsante, Nesi wetu, kwa kila swali ulilotuuliza. Tunakutakia maisha mema na marefu. Baba akibisha hodi, fungua mlango, kisha ufungue mdomo.